Nani Ameshika Kipanya?

Kipindi cha kompyuta cha kidato cha pili kina dakika 40. Siku niliyoamua kukaa nyuma ya darasa la mwenzangu na kuangalia tu, mashine zilizokuwa zinawaka zilikuwa tisa na wanafunzi walikuwa zaidi ya arobaini. Kila mashine ilizungukwa na vichwa vinne au vitano, na mbele ya vichwa hivyo palikuwa na mkono mmoja juu ya kipanya. Nilizungusha macho meza zote. Ukiacha meza moja ya pembeni iliyokaliwa na wasichana watupu, kila mkono ulioshika kipanya ulikuwa wa mvulana. Wasichana walikuwepo, tena wametulia kuliko wenzao. Walisimama nyuma na daftari kifuani, wakiandika kila hatua inayotajwa ubaoni, na mmoja wao akimwelekeza aliyeketi: "Bonyeza pale juu. Hapana, hiyo ya pili." Kengele ilipolia walitoka na maandishi mazuri daftarini, na vidole vyao havikuwa vimegusa kitufe hata kimoja.

Hakuna aliyewafukuza mezani. Mwalimu hakusema neno baya, wavulana hawakusukuma mtu. Waliwahi viti tu, kama walivyozoea kuwahi. Wiki iliyofuata niliangalia darasa langu mwenyewe nikakuta hali ni ile ile, na nilikuwa nimelifundisha muhula mzima bila kuiona.

Tangu siku ile nalitazama kwa jicho jingine suala zima la kuhamasisha wasichana wajifunze kuandika programu za kompyuta. Kila Alhamisi ya nne ya mwezi wa Aprili dunia huadhimisha Siku ya Wasichana katika TEHAMA, chini ya Shirika la Mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU. Hotuba hutolewa, fulana hugawiwa, mwanamama aliyefanikiwa huja kuwaambia wasichana kwamba wanaweza. Siku hiyo naipenda, na nimeona macho ya watoto yakiwaka. Ila msichana yule wa nyuma ya kiti hakuwa amekosa hamasa. Alikuwa amekosa dakika 40 za mashine, na wiki iliyofuata dakika 40 nyingine, mpaka mwisho wa mwaka mvulana aliyeketi akaonekana "ana kipaji" na yeye akaonekana "hana". Saa hizo zinazopotea kimyakimya ndizo kiini cha jambo lote, na historia ya kazi hii inalionyesha wazi.

Kwanza, kazi yenyewe ni ipi? Kuandika programu ni kuitungia mashine maagizo, moja baada ya jingine, kwa lugha inayoielewa, bila kuacha pengo lolote la kukisia. Aliyewahi kukaa karibu na bibi anayesuka ukili anaijua kazi hii bila kuambiwa. Bibi ana miyaa iliyotiwa rangi mkononi. Anahesabu: miwili juu, mmoja chini, rudia, ikifika rangi nyekundu, geuza. Akikosea hesabu mahali pamoja, kosa halionekani pale pale. Linajitokeza shubiri nzima mbele, ua likiwa limepinda, na inabidi afumue kurudi nyuma mpaka alipate lilipoanzia. Kurudia, kuweka sharti, kutafuta kosa: hayo matatu ndiyo maisha ya kila siku ya mwandishi wa programu.

Ulinganifu huu sikuubuni mimi. Mwaka 1843 Mwingereza Ada Lovelace alichapisha maelezo kuhusu mashine ya kukokotoa iliyobuniwa na Charles Babbage, mashine ambayo haikuwahi kukamilika. Ndani ya maelezo yale aliandika hatua kwa hatua jinsi mashine ingekokotoa namba za Bernoulli, kazi ambayo wengi huihesabu kuwa programu ya kwanza kuchapishwa. Mashine ile ilikusudiwa kupokea maagizo kwa kadi zilizotobolewa, aina ile ile ya kadi zilizokuwa zikiendesha mitambo ya kufumia vitambaa vya maua, na Lovelace mwenyewe alilinganisha kazi ya mashine na ufumaji. Zaidi ya karne moja baadaye ulinganifu huo ukawa kitu cha kushikika. Programu za chombo cha Apollo 11, kilichofika mwezini Julai 1969, zilihifadhiwa kwenye waya zilizosukwa kwa mikono ya wanawake katika kiwanda cha Raytheon huko Waltham, Massachusetts. Waya ukipita ndani ya kipete cha sumaku ulihesabiwa moja, ukipita nje yake ulihesabiwa sifuri. Aliyeongoza uandishi wa programu za chombo hicho alikuwa mwanamke pia, Margaret Hamilton. Huwa nawasimulia wanafunzi habari hii na ukili mkononi, kwa sababu wengi wao wamelelewa na mikono inayosuka na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba vidole vile vinafanya hesabu.

Wanawake walikuwepo tangu mwanzo, basi. Kompyuta ya ENIAC, iliyojengwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi na ilijaa chumba kizima. Waliopewa kazi ya kuipangia hesabu zake walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Betty Jennings alikulia shambani Missouri. Kabla ya hapo neno lenyewe, "kompyuta", lilikuwa jina la kazi, mtu anayekokotoa kwa mkono, na wengi walioifanya kazi hiyo walikuwa wasichana waliosoma hisabati. Hapakuwa na kitabu cha mwongozo. Walipewa michoro ya nyaya wakajifundisha mashine inavyofanya kazi, wakawa wanahamisha nyaya na swichi kwa kila hesabu mpya. Mashine ilipoonyeshwa hadharani Februari 1946, hesabu iliyowashangaza wageni waliiandaa wao. Jioni ilipofanyika karamu ya kusherehekea, hawakualikwa.

Kwa nini kazi ngumu vile walipewa wanawake? Kwa sababu wakubwa hawakuiona kuwa ngumu. Kujenga mashine ndiko kulikohesabiwa uhandisi, kazi ya wanaume. Kuiambia ifanye nini kulichukuliwa kama kazi ya ukarani. Ilipobainika kuwa huko kuiambia ndiko kwenye akili na fedha, mlango ukaanza kusogezwa. Katikati ya miaka ya 1960 wanasaikolojia wawili wa Marekani, William Cannon na Dallis Perry, walichunguza waandishi wa programu, wengi mno wao wanaume, wakachora sura ya mtu anayeifaa kazi hiyo. Mojawapo ya sifa walizoandika ni kwamba hapendi kujishughulisha na watu. Kampuni zikatumia vipimo vya aina hiyo kuajiri. Ukimtafuta mtu mpweke anayependa mafumbo na asiyejali watu, unajua utampata nani zaidi, na unajua msichana aliyelelewa kuwajali watu atajionaje mbele ya kipimo hicho.

Hata hivyo wanawake waliendelea kuongezeka vyuoni. Mwaka 1984 walikuwa takribani asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta Marekani. Baada ya hapo mstari ukageuka chini. Miaka 25 baadaye walikuwa asilimia 18 hivi. Katika miaka hiyo hiyo wanawake walikuwa wakizidi kujaa katika sheria na udaktari. Akili ya msichana haiwezi kubadilika ndani ya kizazi kimoja ikawa nzuri kwa upasuaji na mbaya kwa kompyuta.

Kilichobadilika ni kwamba kompyuta ilihamia nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilianza kuuzwa kompyuta ndogo za familia, na zilitangazwa kama chombo cha mvulana na baba yake. Jane Margolis na Allan Fisher, waliowahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon miaka ya 1990, walisikia simulizi ile ile mara kwa mara: kompyuta ya nyumbani iliwekwa chumbani kwa kaka. Dada aliitazama kutoka mlangoni. Kijana alipofika chuo alikuwa na miaka saba au minane ya kuchezea mashine, kuiharibu na kuitengeneza. Msichana, mwenye alama zile zile za hisabati, alianza siku ile. Wahadhiri wakafundisha kwa mwendo wa waliokwisha kujua, na msichana akahitimisha kwamba yeye si wa hapa. Kumbe alichopungukiwa ni saa tu.

Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 7 ya walioingia kusoma sayansi ya kompyuta Carnegie Mellon. Mwaka 2000 walikuwa asilimia 42. Miaka mitano! Chuo kiligundua kwamba uzoefu wa awali haukuwa unatabiri nani atafaulu mwishoni, kikaacha kuupa uzito mkubwa wakati wa kuchagua wanafunzi. Kikafungua njia tofauti za kuingilia kulingana na alichokwisha kujua mtu, na kikawafunza walimu wa sekondari. Chuo cha Harvey Mudd cha California, kilichoongozwa na Maria Klawe kuanzia 2006 hadi 2023, kilipita njia hiyo hiyo na wanawake wakatoka asilimia 10 hivi hadi kufikia 40 kwa muda mfupi. Wale waliokuja wakijua waliwekwa darasa lao. Na mwanafunzi aliyekuwa akijibu kila swali na kuwafanya wengine wajione wajinga aliitwa pembeni kwa upole, akaombwa mazungumzo yake na mwalimu yafanyike nje ya kipindi. Hili la mwisho ningependa kila mwalimu wa kompyuta alishike, kwa maana halihitaji hata shilingi moja.

Anayedhani kompyuta kwa asili ni kazi ya wanaume aitazame Malaysia, ambako wanawake wamekuwa nusu au zaidi katika vitivo vya kompyuta vya baadhi ya vyuo vikuu, kwa sababu jamii inaiona kuwa kazi ya ofisini, yenye heshima na usalama, inayomfaa binti. Oman, ambako Kiswahili kinasemwa majumbani mwa wengi, UNESCO iliripoti mwaka 2015 kuwa zaidi ya nusu ya wahitimu wa uhandisi ni wanawake. Mashine ni zile zile. Kinachotofautiana ni hadithi ambayo kila jamii imejisimulia.

Sasa turudi kwetu, ambako kompyuta ya chumbani kwa kaka ni simu ya kaka. Takwimu za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, zimeonyesha mwaka hadi mwaka kwamba, kusini mwa Sahara, pengo kati ya wanawake na wanaume katika kutumia intaneti ya simu limekuwa likizunguka thuluthi moja. Ndani ya nyumba ya kawaida linaonekana hivi: mvulana akitoka shule anapita kwa fundi simu wa mtaani, anakaa mpaka magharibi akiangalia simu zinavyofunguliwa. Dada yake anateka maji, anabandika chungu, anamwogesha mdogo wao. Duka la intaneti lina nafasi jioni, na jioni ndipo mzazi, kwa sababu za haki kabisa, hataki binti awe barabarani. Hakuna aliyekaa akapanga kumnyima msichana kompyuta. Ratiba ya nyumba imempangia.

Kisha inakuja shule. Hapa Tanzania, mwisho wa kidato cha pili mwanafunzi anachagua masomo, na anayeiacha fizikia ameukata mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano. Zipo njia nyingine, EGM (uchumi, jiografia na hisabati) na stashahada za vyuo vya kati, lakini ni wangapi wanaoambiwa? Nimewahi kukaa katika kikao cha kuchagua masomo, katika shule ambayo sitaitaja, nikasikia binti mwenye alama nzuri akishauriwa achukue "masomo mepesi kidogo, asijitese". Aliyesema alikuwa anampenda yule mtoto. Alidhani anamwokoa.

Nikizitazama juhudi zilizozaa matunda Afrika Mashariki, naona zote zilirudisha saa. AkiraChix ilianzishwa Nairobi mwaka 2010 na wanawake vijana wa teknolojia, akiwemo Linda Kamau, Judith Owigar na Angela Oduor Lungati. Programu yao ya codeHive huwachukua wasichana kwa mwaka mzima wakiishi hapo hapo. Bweni lile ndilo siri yake, naamini. Mwaka mzima hakuna maji ya kuteka wala nauli ya kutafuta. Oduor Lungati baadaye alikuja kuliongoza shirika la Ushahidi, ambalo programu yake ilitengenezwa Januari 2008 kukusanya taarifa za vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya na kuziweka kwenye ramani. Huku Tanzania, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls mwaka 2013, nayo ikapita njia ya klabu za shuleni, mahali ambapo msichana tayari yupo na mzazi tayari ameridhia.

Mfano ninaourudia zaidi ni wa Kisumu. Mwaka 2017 wasichana watano wa sekondari ya Kisumu Girls, waliojiita The Restorers, walifika fainali za mashindano ya Technovation huko California na programu ya simu inayoitwa i-Cut, inayomwezesha msichana aliye katika hatari ya kukeketwa kuomba msaada na kupata mahali pa kukimbilia. Kabila lao halina mila hiyo. Walikuwa na rafiki, na rafiki huyo baada ya kukeketwa hakurudi shule. Walianza na kiti kitupu darasani, kompyuta ikafuata. Mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov ya haki za binadamu, inayotolewa na Bunge la Ulaya. Nami huongeza jambo moja ninaposimulia: shule yao ni ya wasichana. Pale maabara, mkono juu ya kipanya haukuwa na namna ila uwe wa msichana.

Klabu yangu ya Jumamosi ilianza kwa sababu hiyo. Saa nane mchana hadi saa kumi, wasichana peke yao, mtu mmoja mashine moja hata kama wengine watasubiri zamu. Wanaoanza kabisa huanza na Scratch, lugha ya kupanga vipande vya maagizo badala ya kuviandika, iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti ukishaiweka, na ukichagua lugha, vipande vyake vya maagizo vinakuja kwa Kiswahili.

Binti mmoja wa kidato cha pili, aliyekwisha kuvuka Scratch na kuanza kuandika maagizo kwa herufi, na ambaye mama yake anauza maandazi, alitaka kujua faida ya siku. Alitengeneza visanduku vitatu vyenye majina: bei (200), idadi (60) na gharama (8500). Kisha mstari mmoja:

faida = bei * idadi - gharma

Akabonyeza. Mashine ikatoa mistari myekundu. Alirudisha mikono mapajani haraka, kama aliyeungua, akasema, "Mwalimu, nimeiharibu."

Neno hilo nimelisikia kwa wasichana mara nyingi. Wavulana, skrini ile ile ikiwa nyekundu, huniambia, "Mwalimu, mashine hii mbovu." Aliyekuwa na saa mia za kuchezea vifaa anajua moyoni kwamba huwezi kuivunja kompyuta kwa kuandika herufi vibaya. Asiyekuwa nazo kila rangi nyekundu anaisoma kama hukumu. Nilimwambia, "Hujaiharibu, mwanangu. Inakuuliza swali. Soma inamuuliza nani." Alisoma polepole, kwa Kiingereza chake cha kidato cha pili, mpaka akafika kwenye neno gharma. Alinyamaza. Kidole chake kikatembea juu ya kioo, kikapanda mpaka gharama, kikashuka. Akacheka. Akaongeza herufi moja, na jibu likaja: 3500.

Alikaa na jibu lile kitambo. Halafu bila kuambiwa akabadili bei kuwa 250, akaona 6500, akakunja uso. "Lakini mama akipandisha bei wateja watapungua. Nifanyeje ili ijue?"

Swali hilo ndilo la mwandishi wa programu hasa, kwa sababu hapo ameona kwamba mashine haijui chochote kuhusu wateja wa mama yake mpaka yeye aiambie. Watu huniuliza siku hizi kwa nini tuwafundishe watoto kazi ambayo akili mnemba inaifanya kwa dakika moja. Akili mnemba ingemwandikia mstari ule, na hata isingekosea herufi. Lakini kuujua mtaa wao, kujua kwamba mwenye shilingi 200 mkononi akiambiwa 250 atapita kwa jirani, na kulitilia shaka jibu zuri la 6500, ni kazi ya mtu aliyekaa na mashine mpaka akaacha kuiogopa.

Katika darasa la mchanganyiko nimeweka sheria moja tu. Kila baada ya dakika kumi nagonga meza na kipanya kinahama mkono, ajuaye na asiyejua. Wiki za kwanza wavulana walilalamika kwamba kazi inachelewa, na kweli ilichelewa. Nyumbani sina mamlaka, ila nimewaendea wazazi wachache, nikawaomba mambo mawili: simu ya nyumba iwe ya binti kwa saa moja kila jioni, ijulikane kuwa ni saa yake kama ilivyo saa ya kula, na Jumamosi, kuanzia saa nane hadi saa kumi, vyombo vioshwe na kaka.

La simu walikubali upesi. La vyombo bado tunaongea.